Kozi ya kati ya Python ianze na vifaa vya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu kozi za ngazi ya kati za utengenezaji wa programu kwa lugha ya Python, ambazo vijana wa Mtwara na Lindi hujiunga nazo baada ya kupata cheti cha masomo ya mwanzo. Hoja yangu ni kwamba wiki za kwanza za kozi hizo zitumike kumzoeza mwanafunzi kazi halisi, kwenye kompyuta yake na kwa hesabu anazozifahamu, kabla ya kumrundikia sarufi mpya.

Kwanza, nani aingie darasani? Cheti pekee hakitoshi, kwa kuwa hata aliyenakili mifano ya mwalimu mwanzo hadi mwisho anaweza kuwa nacho. Mwombaji apewe faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo safu zake hutengwa kwa koma, lenye majina ya wakulima, vijiji vyao na kilo za korosho walizopeleka ghalani, kisha aandike programu fupi ya kujumlisha kilo kwa kila kijiji. Akiweza, hata kwa kusuasua, aingie. Asipoweza, ashauriwe kurudia masomo ya mwanzo kabla hajalipa ada, ambayo mara nyingi hutoka kwa mzazi au shangazi aliyekuwa akisubiri malipo ya mnada.

Darasa likishaanza, vitu viwili visiahirishwe. Cha kwanza ni mazingira pepe, yaani folda inayotenga maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) za kazi moja na za kazi nyingine ili matoleo yake yasigongane. Amri ya python -m venv huitengeneza bila kuongeza chochote, na imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Cha pili ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo hutunza historia ya kila badiliko la msimbo. Wengi huichanganya na GitHub, tovuti ya kuweka msimbo mtandaoni, na kudhani haifanyi kazi bila mtandao, ilhali historia yote hukaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe.

Suala hilo la mtandao si dogo. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za chini ya bahari iliathiri intaneti nchini kote, na hata siku za kawaida bando la mwanafunzi huisha kabla ya somo. Kozi inayotaka kila zoezi lifanyiwe mtandaoni inamwacha nyuma mwanafunzi huyo. Python huja na moduli, yaani mafungu ya msimbo ulio tayari kutumika, za csv, sqlite3, decimal na unittest, na kwa hizo peke yake mwanafunzi anaweza kujenga programu kamili yenye hifadhidata na majaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua kama programu inatoa majibu sahihi. Mwongozo wake rasmi nao hupakuliwa wote mara moja na kugawiwa kwa flashi. (Walimu wanaogawa bado madokezo ya Python 2, ambayo matengenezo yake rasmi yalikoma tarehe 1 Januari 2020, wayaweke kando.)

Mfano wa korosho sikuuchukua kwa mapambo. Mwanafunzi akiandika 0.1 + 0.2, Python hujibu 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa mfumo wa sifuri na moja, ambamo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu. Anayechora grafu hatajali, lakini karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, anayekokotoa malipo baada ya makato atajali sana pale jumla mbili zinazopaswa kulingana zinapopishana kwa senti. Hapo ndipo moduli ya decimal inapoeleweka, pamoja na sharti lake ambalo wengi hulisahau: namba iingizwe ikiwa ndani ya alama za kunukuu, Decimal("0.1"), la sivyo kasoro ileile huingia nayo.

Majaribio nayo huacha kuwa nadharia. Neno "Mahuta" lililoandikwa na nafasi moja tupu mwishoni huhesabiwa na programu kuwa kijiji kingine, hivyo kilo za wakulima wa mahali pamoja hugawanyika mafungu mawili bila ujumbe wowote wa hitilafu kutokea. Mwanafunzi aandike jaribio la hali hiyo, aongeze la mzigo wenye kilo hasi na la faili lisilo na mstari hata mmoja, aone yote yakifeli, ndipo arekebishe programu yake. Kwa maoni yangu, zoezi hilo moja lina faida kuliko sura nzima ya nadharia kuhusu klasi na urithi, yaani mbinu za kupanga msimbo wa programu kubwa, ambayo inaweza kusubiri hadi programu ikue kiasi cha kuihitaji.

Naviomba basi vituo vinavyotangaza kozi hizi viweke zoezi la kujipima kwenye tangazo lenyewe, na vitaje aina ya kompyuta inayohitajika na kiasi cha bando ambacho mwanafunzi atatumia kwa mwezi. Naomba pia vyama vya ushirika viwape walimu mifano ya fomu za mapokezi ya korosho zisizo na majina ya wakulima, ili mazoezi yafanane na kazi inayofanyika maghalani msimu unapofunguliwa.

Mwalimu wa kompyuta,
Masasi, Mtwara