Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Nairobi: Mama wa mtoto njiti ni sehemu ya matibabu

Mheshimiwa,

Binti yangu alizaliwa katika wiki ya 30, akiwa na gramu 1,280. Siku ya nne nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Yeye alibaki kwenye inkubeta siku 44, na mimi nikabaki bila kitanda.

Mtoto wa umri huo hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitia puani, kila baada ya saa tatu: saa tatu usiku, saa sita, saa tisa, mpaka kuche. Nakaa Kayole. Kwenda na kurudi usiku kucha ningeweza vipi? Nililala kwenye benchi la ukumbini, leso moja chini na nyingine juu, mshono ukiniwaka.

Jioni moja nilitoka kusuuza kikombe cha kukamulia kwa maji moto ya mama wa chai nje ya lango. Kurudi, soja akanizuia. "Mama, saa ya kuona wagonjwa imeisha." Nilisimama pale na kikombe changu, maziwa yakinilowesha blauzi, nikimweleza kwamba sikuja kumwona mgonjwa. Nilikuwa nimebeba chakula chake.

Siwalaumu wauguzi. Usiku ule mmoja wao alikuwa peke yake na watoto 19. Ndiye aliyenifundisha kumlaza binti yangu kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa leso. Pumzi zake zilizokuwa zikikatikakatika zikatulia, nami nikalia kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, inkubeta zilipokuwa chache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mara tu mtoto anapozaliwa, na familia ishirikishwe katika matunzo yake. Lakini sisi akina mama saba tulipokezana kiti kimoja cha plastiki, na baba yake alimwona kupitia kioo tu, ilhali kifua cha baba nacho kina joto.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Lengo la dunia ni wasizidi 12 ifikapo 2030. Kaunti yako inaweza kusaidia. Benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini ilifunguliwa katika hospitali yake ya uzazi ya Pumwani mwaka 2019.

Ninachoomba ni chumba cha akina mama karibu na kila wodi ya watoto njiti katika hospitali za kaunti, chenye vitanda, maji moto na viti vya kuegemea. Baba, au nyanya, apewe kadi ya kuingia mchana na usiku. Na kila siku awepo mtu wa kutuketisha na kutueleza mtoto ameamkaje, maana tulikuwa tukibahatisha kwa kusoma nyuso za wauguzi. (Likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ambayo nusu yake iliniishia hospitalini, nitaipeleka kwa Bunge.)

Njoo usiku mmoja, Mheshimiwa, saa tisa, bila msafara. Utawakuta akina mama kwenye benchi.

Wako mwaminifu,
Mama wa mtoto wa inkubeta ya nne, Kayole