Barua ya wazi: Ni nani anayeuliza umri wa aliyeshika bunduki?

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya usalama katika jimbo letu la Haut-Katanga, Lubumbashi

Mheshimiwa,

Pokea kwanza salamu na heshima zangu. Ningependa kukuandikia kwa faragha, lakini barua za namna hiyo nimekwisha kuzipeleka. Zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri huo ndio jibu pekee nililolipata. Kwa hiyo leo wasome wote.

Wiki iliyopita usiku, hapa Katuba, wezi waliingia kwenye parsele yetu, uwanja wa nyumba tunayokaa. Walikuwa na bunduki moja, na aliyeibeba ndiye alikuwa mdogo kuliko wote. Mimi ni mama, nimelea. Mtoto namjua hata akijifunga kitambaa usoni: sauti bado nyembamba, mabega hayajajaa, bunduki yenyewe inamlemea. Wakubwa walikuwa nyuma yake wakimwambia, "Muelekezee huyo mama." Mtu mzima ukimpa pesa anaondoka zake. Mtoto anaogopa kuliko wewe, na kidole kiko pale. Mbwa wa jirani akabweka, yule mtoto akashtuka, risasi ikampata mume wangu pajani.

Hospitalini walitaka amana kabla ya kumgusa. Nikauza cherehani. Mtaji wangu wa unga ulikwenda na wezi, kwa hiyo kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, meza yangu iko wazi, ila ushuru wa meza haujui kwamba nimeibiwa, kila asubuhi unadaiwa. Minerval, yaani karo ya shule, ya watoto wawili haijalipwa, wamerudishwa nyumbani. Mwenye nyumba naye amenipa pole, kisha akanikumbusha mwisho wa mwezi.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni PV, ile karatasi ya polisi ya kuandikia mashtaka yangu. Kwenye kituo kimoja cha polisi (nilikwisha kutoa franka za kununulia karatasi, usijali) nilimwambia OPJ, afisa wa polisi anayepeleleza, wazi kwamba aliyefyatua ni mtoto, labda wa miaka 14 au 15. Alipomaliza kuandika nikaomba anisomee. Alikuwa ameandika "watu wazima wasiojulikana." Nikamuuliza mbona. Akanijibu kwamba nikisema mtoto, faili itabidi iende kwenye mahakama ya watoto, itachelewa, na mimi mwenyewe nitachoka. Basi kwa kunihurumia akamkuza mtoto wa watu kwa wino!

Mheshimiwa, mimi si wakili. Mtoto wa dada yangu anasoma sheria, yeye ndiye alinisomea hizi. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inasema ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto. Kifungu cha 190 kinakataza kutunza vijana wenye silaha, na anayefanya hivyo anahesabiwa amesaliti nchi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kifungo cha miaka 10 hadi 20 anayemwingiza mtoto katika jeshi, polisi au kundi lenye silaha. Na tangu tarehe 3 Septemba 1985, tungali tunaitwa Zaire, iko amri namba 85-035 inayotaka raia awe na kibali ndipo amiliki bunduki. Nchi yetu haina njaa ya sheria.

Huyo mtoto wa dada yangu ananionya kwamba genge la wezi si lazima lihesabiwe kuwa kundi lenye silaha. Haya. Lakini Thomas Lubanga, aliyeongoza kundi lenye silaha kule Ituri, mashariki mwa nchi yetu, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kule Uholanzi mwaka 2012, akapewa miaka 14, kwa sababu majaji walikaa wakauliza: hawa waliobebeshwa bunduki walikuwa na umri gani? Wageni wameweza kuuliza umri wa watoto wa Ituri. Hapa Katuba swali hilo linachelewesha faili.

Bunduki inatoka wapi, mimi sijui, nabahatisha kama majirani wote. Wengine wanasema ni zile pupu zinazotengenezwa vijijini. Ila ile niliyoiona haikuwa pupu. Wengine wanasema zimebaki tangu Bakata Katanga, wapiganaji wanaotaka Katanga ijitenge, walipoingia mjini Machi 2013, au tangu kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati ziliposhambuliwa Februari 2021. Wako pia wanaonong'ona kwamba kuna wenye sare wanaokodisha jioni na kurudishiwa alfajiri. Ushahidi sina. Wa kuutafuta si mimi.

Msimu wa mvua uliopita mkubwa mmoja alikuja kwenye mkutano wa kartie, mtaa wetu. Alituahidi doria za usiku na daftari la kila bunduki iliyo mikononi mwa raia, pamoja na jina na umri wa mwenyewe. Tulimpigia makofi sana. Fanta tulizonunua kwa mchango wetu alikunywa. Hilo daftari liko wapi, Mheshimiwa? Na huo umri mngeujuaje? Wengi wetu kitambulisho chetu ni karte ya uchaguzi, na vijana wa avenyu yetu waliipata kwa kusema tu wana miaka 18. Mtoto anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe, lakini waulize akina mama sokoni ni wangapi wana hiyo karatasi.

Sitaki fidia. Yaani ningeitaka, mume wangu bado hawezi kusimama, lakini najua naongea na nani. Doria mkishindwa, shindweni. Naomba PV yangu irekebishwe. Paandikwe kwamba aliyefyatua alikuwa mtoto, kwa sababu pakibaki "watu wazima wasiojulikana" hakuna atakayemtafuta mtu mzima aliyemkabidhi bunduki. Huyo hakuingia kwenye parsele yangu, na pengine usiku ule alilala nyumbani kwake. Nataka jina lake liulizwe. Rekebisheni PV, Mheshimiwa. Nitakuja kituoni siku yoyote mtakayoniita, na karatasi nitanunua mwenyewe.

Mama muuza unga,
Katuba, Lubumbashi