Vitabu vya sikukuu za dunia viwe na mapishi yanayopikika

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wachapishaji wa vitabu vya watoto, hasa vile vinavyoeleza vyakula na sikukuu za mataifa mbalimbali. Watoto wanavipenda mno, wanavigombea hadi kurasa zinachanika. Lakini vingi vina picha nzuri na maelezo yasiyotosha. Mtoto anaambiwa watu wa nchi fulani hula chakula kitamu siku ya mwaka mpya, basi, ukurasa umekwisha.

Chanzo kikubwa ni hesabu ya karatasi. Kitabu cha picha mara nyingi huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16. Ukiondoa nne za jina, haki na utangulizi, zinabaki 28. Ukijaza humo nchi 14, kila moja inapata kurasa mbili, na picha inachukua zaidi ya nusu. Afadhali nchi saba kwa kurasa nne nne, mbili kati yake ziwe za mapishi.

Chukua mwaka mpya wa Kichina. Vitabu huandika kwamba Wachina wote hula jiaozi, vile vifuko vya unga wa ngano vyenye nyama na mboga. Si wote. Huo ni mlo wa mkesha hasa kwa watu wa kaskazini, kunakolimwa ngano. Kusini kwenye mpunga wengi hula nian gao, keki ya unga wa mchele unaonata. Mtoto wa Kyela kwenye mpunga na mwenzake wa Makete kwenye ngano na viazi hawatashangaa, maana hata kwao sahani hufuata shamba.

Tena jiaozi hazihitaji oveni, na mahitaji yake yote yapo soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Kanda gramu 300 za unga wa ngano kwa mililita 150 za maji, funika dakika 30. Katakata robo kilo ya kabichi iwe ndogo sana, tia kijiko kidogo cha chumvi, iache dakika 15, kisha ikamue kwa nguvu. Hatua hii vitabu huiruka, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: kabichi isiyokamuliwa hutoa maji, unga unalowa, vifuko vinapasukia sufuriani. Changanya na robo kilo ya nyama ya kusaga, tangawizi na majani ya kitunguu. Sukuma viduara vya upana wa sentimita 8, katikati pawe pazito kuliko ukingoni. Weka kijiko kidogo cha mchanganyiko, lowesha ukingo kwa maji, kunja na ubane. Ukingo ukiguswa na mafuta haushikani. Chemsha, zikielea ongeza kikombe cha maji baridi, rudia mara mbili zaidi, kisha ipasue moja uone kama nyama imeiva.

Hilo la kupasua lina sababu. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kitabu kilichojaribiwa pwani kikisema maharage yachemke saa moja, huku kwetu yatakuwa bado magumu. Waandishi wasitaje dakika peke yake. Waeleze na dalili: yapondeke kwa vidole.

Tarehe nazo zichungwe. Idd-el-Fitri mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, mwaka 2025 Machi 31, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Kitabu kinachoitaja kuwa sikukuu ya Aprili kimeshapitwa na wakati.

Na kwa nini Nyanda za Juu Kusini tusiwemo katika dunia hiyo? Togwa ya harusini na sikukuuni inastahili kurasa zake nne. Gramu 300 za unga wa mahindi kwa lita 3 za maji, uji uive vizuri, upoe hadi kidole kivumilie, ndipo utie vijiko vinne vikubwa vya unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda mfupi uji unalainika na kupata utamu bila sukari, kwa sababu kimea huvunja wanga kuwa sukari. Ukikitia uji ungali wa moto sana, nguvu yake inakufa na uji unabaki mzito. Juni na Julai, baridi ya Uyole inapochelewesha uchachu, chombo kifungwe blanketi hadi kesho yake.

Tunawaomba wahariri, kabla kitabu hakijaenda mtamboni, wampe mtoto wa darasa la tano ayapike mapishi hayo kwenye jiko la mkaa, mtu mzima akiwa pembeni, akifuata maandishi peke yake. Kila anapokwama na kuuliza, pana sentensi inayokosekana.

Walimu wa shule za msingi,
Uyole, Mbeya