Wanaokwenda Guangzhou wajipange kabla ya kupanda ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na wafanyabiashara wanaojiandaa kwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Habari za bei wanazo. Wamezisikia Kariakoo, Eastleigh na Owino. Wasichoambiwa ni kwamba hasara nyingi za safari ya kwanza zinaanzia kwenye simu na kalenda, hata kabla ya kuingia sokoni.

Nianze na simu. Kwa intaneti ya China, WhatsApp, Gmail, Google, Facebook na Instagram hazifunguki, hata kwa mtandao wa hoteli. Laini ya nyumbani iliyounganishwa kutumika nje ya nchi kwa kawaida inapitisha data kupitia mtandao wa nyumbani, hivyo WhatsApp inafanya kazi, ila bando lake ni ghali. Iunganishe hata kama hutaki hiyo data, kwa sababu namba za siri ambazo benki inatuma kuthibitisha kadi zinakuja kwenye laini hiyo hiyo. Anayezima laini ya nyumbani na kununua ya China peke yake anajikuta ana kadi yenye pesa asiyoweza kuitumia.

WeChat (ya ujumbe na malipo), Alipay (ya malipo) na ramani ya Amap zipakuliwe nyumbani, wiki moja kabla, maana duka la Google Play nalo halifunguki kule. WeChat mara nyingi inadai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani, mtafute mapema. Unganisha kadi ya Visa au Mastercard na pasipoti yako ndani ya WeChat na Alipay, zote mbili, kwa sababu moja ikigoma nyingine inakuokoa. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato. Yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Na jambo linalowachanganya wengi: kadi ya kigeni inalipa msimbo wa QR wa biashara, lakini hairuhusu kumtumia mtu binafsi pesa. Muuza soksi akikupa msimbo wake binafsi, malipo yanakataa, na wewe unadhani kadi imeharibika. Hapo toa noti. Uwe nazo ndogondogo, ulizobadilisha benki au uwanja wa ndege. Wabadilishaji wa mitaani waepuke kabisa, hawaruhusiwi kisheria na noti bandia zinapita mikononi mwao. Ukiingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu, zitangaze forodhani.

Kwenye makaratasi, sheria ni kali na hazina huruma kwa mgeni. Hoteli inakuandikisha polisi yenyewe, lakini ukifikia kwa ndugu au rafiki kwenye nyumba ya kupanga ni lazima uandikishwe kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24. Nenda na pasipoti, mwenyeji wako na mkataba wa nyumba. Tembea na pasipoti halisi. Picha ya simu haitoshi. Kuzidisha muda wa viza ni faini ya yuan 500 kwa siku, hadi yuan 10,000, na unaweza kuwekwa mahabusu. Mwenye viza ya kuingia mara moja asishawishike kwenda Hong Kong kutembea: akivuka huko amehesabiwa ametoka China, na kurudi kwenye mzigo wake itabidi aombe viza nyingine.

Sasa kalenda. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton hufanyika eneo la Pazhou, Guangzhou, mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Aprili na 15 Oktoba, kwa awamu tatu za siku tano tano. Ya kwanza ni ya umeme na mitambo, ya pili vyombo vya nyumbani na mapambo, ya tatu nguo, viatu na vya watoto. Muuza nguo anayefika tarehe 15 anakuta majenereta. Siku hizo vyumba vya hoteli hupanda bei sana, kwa hiyo kama huna shida na maonyesho, zikwepe. Zikwepe pia tarehe 1 hadi 7 Oktoba, ambazo ni sikukuu ya taifa, na mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Kwa mwaka mpya huo viwanda hufungwa wiki kadhaa kwa sababu vibarua wanarudi mikoani kwao, na wengine hawarudi tena kiwanda kile kile. Oda ya dakika za mwisho kabla ya sikukuu ama inalipuliwa, ama inakukuta Machi.

Masoko yamegawanyika, usiyachanganye. Nguo ziko Baima, karibu na stesheni ya zamani ya reli, na Shahe, ambako kazi inaanza alfajiri na mchana watu wanafunga. Mabegi ni Guihuagang, viatu na saa ni mtaa wa Zhanxi, vitambaa ni Zhongda, midoli na mapambo ni Yide. Vigae na samani vifuate mji jirani wa Foshan. Ukienda Shenzhen kununua simu, soma tiketi vizuri: stesheni ya Guangzhou, ya Mashariki na ya Kusini ni sehemu tatu tofauti, na ya Kusini iko mbali na katikati ya mji. Dereva wa teksi mwonyeshe jina kwa maandishi ya Kichina.

Bei inaandikwa kwenye kikokotoo, lakini muuzaji mwenye haraka anaonyesha kwa vidole vya mkono mmoja. Kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja ni nane, si mbili. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Uliza bei hiyo ni ya vipande vingapi, na usipige picha mitindo bila ruhusa, utafukuzwa. Saizi za kule ni ndogo kuliko zetu, kwa hiyo pima kwa utepe wa kupimia kiunoni na kifuani badala ya kusoma lebo. Kwenye risiti hakikisha pana ghorofa na namba ya duka.

Kwa oda ya kiwandani, kianzio cha kawaida ni asilimia 30. Asilimia 70 iliyobaki usiilipe hadi mzigo ukaguliwe. Fungua katoni la katikati ya rundo, si lile la juu ulilotayarishiwa. Vuta zipu, hesabu vipande. Jina la akaunti lisipofanana na jina la kampuni iliyoko kwenye ankara, simama hapo hapo.

Pima katoni mwenyewe. Lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM (mita za ujazo) 0.12, yaani sentimita za ujazo 120,000. Kwa ndege wanagawanya hizo 120,000 kwa 6,000, wanapata kilo 20, hata kama ndani kuna mawigi ya kilo 9, utalipia 20. Ndiyo maana vitu vyepesi vinavyojaza nafasi vinafaa kwenda kwa meli. Andika alama yako ya mzigo kwa kalamu nzito pande mbili za kila katoni, na muulize wakala, kabla ya kontena kufungwa, kama bidhaa zako zinahitaji cheti cha ukaguzi wa ubora cha shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Ukaguzi huo hufanyika China, mzigo ukiwa bado haujasafirishwa.

Msomaji wako,
Kariakoo, Dar es Salaam