Barua ya wazi kwa msimamizi wa soko la mitaji: Picha ya saini si saini

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: RIPOTI ZA FEDHA TUSIZOWEZA KUZIHAKIKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilishakuandikia kwa utaratibu wa kawaida, nikajibiwa kwamba suala langu "linafanyiwa kazi". Bila shaka ni kazi nzito, maana mpaka leo haijaisha.

Wiki iliyopita kampuni iliyobeba akiba yangu ya uzeeni ilibadilisha kimyakimya hesabu zilizokaguliwa zilizokuwa kwenye tovuti yake. Bahati nzuri nilikuwa nimepakua nakala ya kwanza, nikazifungua zote mbili kwa pamoja. Jina la faili ni lile lile, tarehe ni ile ile. Lakini madeni ya muda mfupi kwenye mizania yamepungua, na maelezo kuhusu mikopo ya wakurugenzi yametoweka. Saini ya Mwenyekiti haijabadilika hata chembe, mpaka kale kadoa ka wino kwenye mkia wa herufi ya mwisho. Ni picha iliyoskaniwa, ikabandikwa. Ukitaka utaibandika hata kwenye kadi ya harusi.

Nikauliza ofisini kwako ipi ni halali. Nikajibiwa: "Zote zimesainiwa." Asante sana.

Mheshimiwa, wataalamu wa usimbaji wa Marekani, Diffie na Hellman, walieleza wazo la saini ya kidijitali mwaka 1976. Si jambo la majaribio tena. Anayesaini anabaki na ufunguo wake wa siri, yaani namba ndefu anayoijua yeye tu. Programu inakokotoa alama fupi ya utambulisho ya faili zima na kuisaini kwa ufunguo huo. Mimi mwanahisa nahakiki kwa ufunguo wake wa wazi, pacha wa ule wa siri, ambao kila mtu anaruhusiwa kuwa nao. Ikiongezwa hata koma moja, uhakiki unagoma. Cheti kinaonyesha ufunguo ni wa nani, na muhuri wa muda unaonyesha ilisainiwa lini. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya eIDAS ya mwaka 2014, uliipa saini ya kielektroniki ya daraja la juu kabisa nguvu sawa ya kisheria na saini ya mkono. Wewe mwenyewe ulituahidi mbele ya wanahisa kwamba "mfumo uko njiani". Hiyo njia ina urefu gani?

Najua wataalamu wako watasema saini haimzuii mtu kuandika uongo. Kweli kabisa. Ila atakayesaini uongo kwa ufunguo wake hataweza kuubadilisha kimyakimya kesho, wala kutuambia kirahisi kwamba hakuusaini yeye. Na uongo mwingine hupita kwa sababu tu karatasi huaminiwa kwa sura. Mwaka 2003 kampuni ya maziwa ya Italia, Parmalat, ilikuwa na barua yenye nembo ya Bank of America ikidai kuna karibu euro bilioni 3.95 kwenye akaunti. Benki ikasema barua ni ya kughushi. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani: euro bilioni 1.9 hazikuonekana, na benki mbili za Ufilipino zikazikana nyaraka zilizotajwa kwa jina lao. Barua ya benki iliyosainiwa kidijitali, mkaguzi akaihakiki kwa ufunguo alioupata benki kwenyewe, ingekuwa ngumu mno kuighushi.

Gharama haiwezi kuwa sababu. Kampuni hizi zinatumia fedha nyingi zaidi kupamba jalada la ripoti. Nashuku kuna wanaopenda ripoti ibaki inarekebishika. Kama nawasingizia, mnisahihishe kwa vitendo.

Mimi nimestaafu. Gawio ndilo mshahara wangu, na mwaka huu sijui niamini ukurasa upi nikipanga matumizi ya nyumba. Nilitaka kuomba mengi: wakurugenzi wasaini, mkaguzi asaini, benki zisaini. Naomba moja tu. Tangaza ipi kati ya faili hizi mbili ndiyo hesabu halisi, kisha uwaagize Mwenyekiti na mkaguzi waisaini upya, safari hii kwa funguo zao. Hilo tu, Mheshimiwa. Waisaini.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mwanahisa mdogo