Risala ya Mtandao wa Asasi za Kiraia na Kamati za Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Uombaji wa Ruzuku

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya; waheshimiwa madiwani; maafisa elimu kata na watendaji wa kata; wakuu wa shule na walimu wakuu; wenyeviti wa kamati na bodi za shule; viongozi wa asasi; wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu wakati ofisi yako ina kazi nyingi. Tumekuomba wewe uje kufunga mafunzo haya kwa sababu maalumu. Fedha za ruzuku ndogo zipo, na kila mwaka hutangazwa. Zinatupita kwa sababu tangazo linapotoka ndipo tunapoanza kutafuta nyaraka, na nyingi ya nyaraka hizo hutoka ofisini kwako. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo kwa uwazi na kwa heshima.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuanze na shule. Tangu Januari 2016 elimumsingi hapa Tanzania inatolewa bila malipo, na ruzuku ya uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa shule ya msingi kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hununuliwa vitabu huko juu na 6,000 hufika shuleni. Shule yenye wanafunzi 620 hupata shilingi 3,720,000 kwa mwaka, sawa na 310,000 kwa mwezi. Ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani, michezo, utawala na ukarabati mdogo. Fedha hiyo haijengi choo, wala haikukusudiwa kujenga choo.

Sasa tuitazame shule hiyohiyo kwa upande wa vyoo. Kiwango cha taifa ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Ikiwa wasichana ni 320 na wavulana 300, yanahitajika matundu 16 ya wasichana na 12 ya wavulana. Kama yapo 6 kila upande, upungufu ni matundu 16. Hesabu hii ina uzito kuliko kurasa tatu za takwimu za taifa zilizonakiliwa, maana inamwonyesha mfadhili kwamba mwombaji anaijua shule yake. Ikikamilishwa kwa chumba cha kujisitiri wasichana wakati wa hedhi, tundu moja lenye mlango mpana na mteremko kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, maji ya kunawa mikono, na maelezo ya nani atagharamia kunyonya shimo likijaa, andiko limepata msingi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na wafadhili wengi hukiuliza kabla ya vingine vyote.

Kuhusu milango ya wafadhili ya kubisha hodi, tumejifunza kutoibisha yote kwa barua moja. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inasimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mfuko huo husaidia madarasa, maabara, nyumba za walimu na matundu ya vyoo, na maombi ya shule ya serikali hupita kwako, Ndugu Mkurugenzi. Mfanyabiashara anayechangia mfuko huo naye anaweza kupata hati ya kutambua mchango wake inayompa nafuu ya kodi. Jambo hilo wafanyabiashara wetu wengi hawalijui, na lingeweza kubadilisha kabisa mazungumzo yetu nao.

Ubalozi wa Japani una mpango wa ruzuku za miradi ya ngazi ya jamii, unaojulikana kwa ufupi kama GGP. Kila mradi una ukomo wa fedha. Hupokea maombi ya asasi zisizo za faida, shule, hospitali na serikali za mitaa. Haulipi mishahara, gharama za kila siku za ofisi wala ada za wanafunzi. Unafaa kwa kitu kinachojengwa au kununuliwa, kikaonekana na kikatumika kwa miaka mingi. Mfuko wa Kanada wa miradi ya wenyeji kwa kawaida hutoa makumi machache ya maelfu ya dola za Kanada, na ukomo ni dola 100,000. Australia nayo ina mpango wa aina hiyo unaosimamiwa na ubalozi wake wa Nairobi. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam huzipa asasi ruzuku za utawala bora, haki na ushiriki wa wananchi, kwa hiyo anayetafuta mabati asipoteze muda huko. Mabati na madawati huombwa benki. NMB na CRDB kwa miaka kadhaa zimekuwa zikitenga asilimia 1 ya faida yao baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na barua fupi yenye hesabu sahihi hufika mbali, hasa ikipitia kwa meneja wa tawi anayeifahamu shule. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo chini ya sheria ya mwaka 2009. Na kwa halmashauri zenye migodi, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri husika. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu tumeiweka kando makusudi, kwa kuwa ni mikopo ya kurejeshwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kalenda ina umuhimu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka wa fedha wa Japani na wa Kanada huanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi, wakati wetu huanza 1 Julai. Mradi wa Kanada kwa kawaida hulazimika kukamilika kabla mwaka wao haujafungwa, kwa hiyo ujenzi huangukia kwenye mvua za vuli. Anayeomba kujenga msingi mwezi Novemba kwenye udongo wa mfinyanzi anajiandalia ripoti ya kuchelewa. Heri huko aombe madawati, matangi ya maji au vifaa vya maabara, na ujenzi aupeleke kwa mfadhili mwenye muda mrefu zaidi.

Ushindani nao umeongezeka. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likasitisha shughuli zake. Asasi zilizokuwa zikiishi kwa miradi mikubwa sasa zinapanga foleni kwenye mifuko hii midogo pamoja na vikundi vyetu vya vijijini. Kwenye foleni hiyo, fomu yenye kasoro huwekwa pembeni kabla wazo lake halijasomwa.

Kasoro zenyewe tunazijua. Iliyo kubwa ni ardhi. Mfadhili hutaka uthibitisho kwamba kiwanja ni cha shule, na sisi hupeleka muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Unaotakiwa ni muhtasari wa mkutano mkuu, wenye orodha ya mahudhurio na saini, muhuri wa mtendaji, na tarehe iliyotangulia tarehe ya maombi. Muhtasari ulioandikwa wiki moja baada ya maombi kutumwa hujulikana mara moja, na mwombaji hupoteza imani hata kama ardhi ni yake kweli.

Inayofuata ni bei. Wafadhili wengi hutaka nukuu tatu za bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti. Zinapokuja nukuu tatu zenye mwandiko mmoja, kosa lilelile la tahajia kwenye neno “saruji” na namba moja ya simu chini ya mihuri miwili, mfadhili ana haki ya kuacha kusoma. Kodi nayo huvunja bajeti. Fundi au duka lililosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwa kiwango cha kawaida litaongeza asilimia 18, kwa hiyo kazi iliyokadiriwa shilingi milioni 30 bila VAT itadai milioni 35.4, na hizo milioni 5.4 hakuna atakayezileta baadaye. Kila nukuu iseme wazi kama VAT imo au haimo, na kila malipo yawe na risiti ya mashine ya kodi, EFD. Tukumbuke pia kwamba ruzuku iliyoidhinishwa kwa yen au dola hubadilishwa kuwa shilingi siku inapoingia benki. Tuamue mapema kitakachopunguzwa shilingi zikitoka pungufu, na tumwandikie mfadhili kabla ya kubadilisha chochote.

Mchango wa jamii huandikwa vibaya mara nyingi. Michango ya wazazi ni ya hiari, kwa hiyo andiko lisiahidi kwamba kila kaya itatoa kiasi fulani. Lihesabu mchanga, kokoto, mawe, maji na nguvukazi: tripu ngapi, kwa bei gani ya soko la hapa, watu wangapi kwa siku ngapi. Kisha pawe na daftari eneo la ujenzi, tripu ikishushwa iandikwe siku hiyohiyo na kusainiwa. Daftari hilo ndilo litakaloulizwa wakati wa ukaguzi.

Jambo jingine ni saini. Shule ya serikali haina mamlaka ya kujifunga mkataba na mfadhili bila halmashauri, na afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, ni wewe. Mwalimu mkuu anayesaini peke yake kwa nia njema humweka mfadhili pabaya na kujiweka pabaya yeye mwenyewe. Fedha ikija bila kupita kwenye bajeti na kwenye FFARS, mfumo wa uhasibu wa shule na vituo vya huduma, huonekana kwenye ukaguzi kama hoja, ingawa choo kimesimama na watoto wanakitumia. Asasi ikiomba kwa niaba ya shule, makubaliano yaandikwe tangu mwanzo nani atamiliki jengo na nani atalitunza.

Kwa asasi zenyewe, usajili unaotambulika ni ule wa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Baada ya marekebisho ya 2019 cheti kina ukomo wa miaka 10, kwa hiyo vilivyotolewa mwaka huo vitakwisha 2029. Taarifa ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa na ada visipowasilishwa kwa Msajili, asasi inaweza kuwa na cheti ukutani na bado isistahili ruzuku. Kwa kanuni za mwaka 2018, mkataba wa ruzuku unaozidi shilingi milioni 20 hupelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Asasi nyingi huanza kutumia fedha siku ya pili na kuikumbuka kanuni hiyo mwezi wa tatu.

Tunawaonya pia wenzetu: mfadhili wa kweli hatozi ada ya maombi. Anayetaka “gharama za usajili” zitumwe kwa simu ni tapeli, hata barua yake iwe na nembo gani.

Ndugu Mgeni Rasmi, yafuatayo yako ndani ya uwezo wa ofisi yako, na hakuna hata moja linalohitaji fungu jipya. Tunaomba mhandisi wa halmashauri aandae michoro na makisio ya gharama kwa majengo yanayoombwa mara kwa mara: darasa moja, choo cha matundu 6, choo cha matundu 10 na nyumba ya mwalimu ya familia mbili. Makisio hayo yahuishwe kila baada ya miezi sita kwa bei za hapa wilayani na yapatikane kwa kila kata. Leo shule inaweza kusubiri makisio hadi dirisha la maombi linafungwa. Mhandisi ni mmoja na miradi ni mingi, hatumlaumu. Makisio yakiwa tayari, kazi yake itakuwa kutembelea eneo, kupima udongo na kurekebisha msingi.

Tunaomba barua ya kuunga mkono maombi itolewe ndani ya siku 5 za kazi, na ateuliwe afisa mmoja wa kuishughulikia, kwa sababu barua inayozunguka kati ya elimu, mipango na maendeleo ya jamii hurudi tarehe ya mwisho imepita. Tunaomba kila Januari, uandikishaji ukishajulikana, orodha ya upungufu wa kila shule ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, ili asasi na shule zisiombe choo kilekile kwa wafadhili wawili. Ruzuku inayothibitishwa katikati ya mwaka iingizwe kwenye bajeti kwa utaratibu wa haraka. Na afisa maendeleo ya jamii atenge siku moja kila robo mwaka ya kuzisaidia asasi ndogo kuwasilisha taarifa zao kwa Msajili kwenye mfumo, hasa zile zisizo na kompyuta wala mhasibu.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kwamba kila shule na kila asasi iliyoshiriki mafunzo haya itafungua jalada moja lenye muhtasari wa ardhi, nakala ya usajili au barua ya shule, takwimu za wanafunzi kwa jinsia, picha zenye tarehe, taarifa ya benki na nukuu za bei. Jalada litakaa kwa katibu, na nakala kwa mtendaji wa kata. Tutawasilisha ofisini kwako kila mwezi wa saba orodha ya maombi yaliyotumwa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa pamoja na sababu.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na risala hii tunakukabidhi nakala ya fomu ya jalada hilo, na tunaomba uwakabidhi washiriki vyeti vyao.

Tunaomba kuwasilisha.