Mpwa wangu, jahazi la babu yako halipakwi vanishi

Mpwa wangu,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako umefika na pesa zimefika, Mungu akuzidishie. Pesa bado ninazo, sijagusa hata shilingi, na sababu utaiona mbele. Nakujibu hadharani badala ya kukupigia simu kwa kuwa jambo lenyewe si letu peke yetu. Tangu nistaafu, na watu wajue kwamba asubuhi zangu ziko barazani na kijahazi kibovu mbele yangu, wananiletea vyao: mashua zilizochongwa na wazee wao, ngalawa zilizokatika mirengu, dau lililokuwa juu ya kabati tangu nyumba ijengwe. Karibu wote wanataka unalolitaka wewe, kwamba kitu kiwe kipya. Najua ombi lako limetoka moyoni. Wataka lile jahazi dogo la mfano aliloliunda babu yako likae sebuleni kwako Muscat, ling'ae, wageni waulize ni la nani nawe ujibu kwa fahari. Basi nisikilize kwanza.

Yule fundi uliyenielekeza nilimwendea. Ni fundi wa fanicha na kazi yake ni safi. Alilizungusha mikononi, akasema atalipiga msasa lote, atabandua ule ubao mbaya wa mbele, atatia mpya, kisha vanishi mara tatu. Nikamshukuru, nikarudi nalo nyumbani.

Msasa kwanza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na ukizisugua kavu vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Yeyote mwenye kitu cha zamani kilichopakwa rangi asikipige msasa ndani ya nyumba yenye wajukuu. Lakini hata kama isingekuwa hatari hiyo ningekataa, kwa sababu ya nilichokiona nilipolipima.

Babu yako hakuwa mchonga mapambo. Alikuwa fundi wa vyombo Matondoni, kisiwani Lamu, na mafundi wale hawakuunda kwa michoro. Walitumia jicho, kamba, dhiraa, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na shibiri, nusu yake. Bibi yako alinihadithia kwamba jahazi hili aliliunda mwaka 1961, mwaka wa zile mvua kubwa, kazi ya pwani iliposimama akabaki nyumbani na tezo, patasi na kekee yake. Mimi nilipoanza kulipima nilichukua utepe wa cherehani, na sentimita hazikunipa maana yoyote. Nikaweka utepe chini nikapima kama angepima yeye. Toka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, shibiri 3 kamili. Shibiri ina nyanda 12, basi ni nyanda 36, yaani upana wa vidole 36. Nikapima mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), upana wa tezi, nafasi baina ya mataruma (mbavu za chombo), kila kitu kikaangukia kwenye wanda au nusu yake. Ndipo nikaelewa. Kila dhiraa ya jahazi lenyewe ameifanya wanda mmoja. Dhiraa ina nyanda 24, kwa hiyo chombo kizima kimepunguzwa mara 24, pasipo kubahatisha popote. Jahazi lenyewe lilikuwa la dhiraa 36, kama mita 16 na nusu, chombo kikubwa cha biashara. Hata kile kisanduku cha choo kinachoning'inia nje ya tezi amekipunguza kwa kipimo hicho hicho. Mtu wa mapambo hapimi choo.

Sasa njoo kwenye ule ubao mbaya. Uko ubavu wa kushoto, karibu na omo, wa mti mwingine kabisa. Wewe uliuita kasoro. Nilimulika ndani kwa tochi. Kile kipande kimekatwa mshazari ncha zote mbili na kuingizwa baina ya mbao nzima, na nyuma yake kuna taruma la ziada lililolazwa ubavuni mwa taruma la kawaida. Mfano wa jahazi haupandi mwamba, mpwa wangu. Jahazi lenyewe ndilo lililopanda mwamba, likavunjika ubavu, likatiwa kiraka na kuongezewa taruma, na babu yako akakiandika kisa chote hicho kwa mbao. Naamini kwamba mkono uliolitengeneza lile kubwa ndio ulioliunda hili dogo, la sivyo asingejua kilichokuwa nyuma ya ubao.

Kwa hiyo ulilonalo ni chombo fulani, kilichokuwa na nahodha wake na mabaharia wake, kilichoshuka Mombasa kwa kaskazi na boriti za mikoko na kurudi Lamu kwa kusi. Omo yake imesimama wima kama yalivyo majahazi ya Lamu. Ina macho yake mawili ya mviringo, moja kila upande wa omo. Ubavuni imezungushiwa jamvi la miyaa kuzuia maji ya mawimbi, alilolisuka bibi yako mwenyewe kwa ukili mwembamba ambao mimi sijauona tena popote. Ungelipiga msasa, kisa cha mwamba kingekwenda na vumbi, na jamvi lingetupwa.

Hebu nikueleze nimefanya nini, maana najua unapenda kujua.

Kwanza nililipiga picha kila upande, hata matundu ya misumari. Kisha nikashughulika na fukusi. Nililiweka juu ya karatasi nyeupe, na kesho yake chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, palikuwa na unga mpya, basi wadudu walikuwa hai ndani. Sikupuliza dawa, kwa sababu dawa ya mafuta huvuruga rangi. Makumbusho hutumia baridi: kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja au mbili huua wadudu na mayai yao. Rafiki yangu muuza samaki ana friza kubwa inayofika baridi hiyo. Tulilifunga jahazi kwa nailoni tabaka mbili, tukatoa hewa, tukalilaza juu ya nguru na changu. Siri iko kwenye kulitoa: usilifungue upesi. Liache ndani ya nailoni siku nzima lipate joto polepole, unyevu ukae juu ya nailoni usiingie kwenye mbao.

Kusafisha ndiko kulikochukua muda, na ndiko nilikokupenda zaidi. Uchafu wake ulikuwa moshi wa taa za mafuta ya taa, vumbi, na sifa, yaani mafuta ya papa, iliyoganda, kwani babu yako alilipaka sifa kama anavyopaka chombo cha kweli na harufu ya papa bado imo. Nilitumia pamba iliyozungushwa kwenye kijiti na mate. Usishangae, watunzaji wa makumbusho hutumia mate hadi leo, yana nguvu ya kuachisha uchafu bila kuichoma rangi. Unajaribu kwanza mahali pasipoonekana, unasugua eneo dogo, unabadilisha pamba, unaendelea. Rangi ya buluu ya ukingoni ilitoka hai kabisa. Chini ya mstari wa maji sikugusa, maana kule aliweka deheni halisi ya chokaa na shahamu, na ukiisugua inamung'unyuka.

Kuna mtu wa nyumbani aliwahi kuusimamisha mlingoti kwa ile gundi ya papo hapo. Asetoni huiyeyusha, lakini huiyeyusha na rangi pia, ikabidi niitie tone kwa tone kwa bomba la sindano, kitambaa kikiwa kimezungushwa chini. Mimi natumia gundi ya ngozi, ile ya kupashwa moto. Ina sifa moja inayozidi gundi zote: atakayekuja baada yangu akiona nimekosea, maji ya uvuguvugu yataifungua. Kitu cha mzee kisifungwe kwa namna isiyofunguka.

Kamba zilikuwa zimekuwa unga. Hapo hapakuwa na la kuhifadhi, nikazisuka upya za pamba na kuzitia rangi kwa chai. Lakini sikuzigandisha mahali pake. Gofia, yaani kapi za kamba, za babu yako zinazunguka kweli. Ukivuta jarari, kamba ya kupandishia, foromali inapanda, ukilegeza inashuka, na foromali inaweza kupitishwa mbele ya mlingoti ukitaka kugeuza upande wa tanga, kama wafanyavyo mabaharia. Mafundi wengi wa mapambo hubandika kamba zikabaki zimekauka mahali pamoja. Nahodha mmoja mzee wa mtaani kwetu alikuja akaketi nami, akanionyesha mafundo, akashika demani, kamba ya kuongozea tanga, kwa vidole viwili na kuivuta taratibu. Hakusema mengi, ila alirudi kesho yake bila kuitwa.

Tanga la zamani limechanika, limebaki nusu. Nimelikunja na kulihifadhi, halitupwi. Jipya nimelikata kwa ruwaza ya lile, kitambaa cha pamba, na dasi, kamba ya ukingo wa tanga, nimeishona kwa mkono pembezoni. Ukiangalia utaona mbele halikuchongoka kama pembetatu za kwenye picha za watalii. Babu yako amelikata ukingo mfupi upande ule, nami nimemfuata.

Labda utasema, mjomba, hiki ni kijahazi tu. Fikiria mtepe. Vyombo vya kushonwa kwa kamba bila msumari vilisafiri pwani yetu tangu zama za kale. Wagiriki waliviandika karne ya kwanza, na Wareno walivikuta walipofika 1498. Mtepe wetu wa visiwa vya Lamu, wenye tanga la miyaa, ulidumu mpaka miaka ya 1930, kisha ukakoma, na waliojua kuushona wakafa na elimu yao. Ulipoundwa upya mmoja wa kimo kamili Unguja mwaka 2003, ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la kule, ilibidi kutegemea mifano midogo ya zamani na maandishi ya wageni walioona. Mifano ile iliwekwa na watu walioonekana wanahifadhi takataka. Na jengo lenyewe la Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usidhani kuna pahala pa kuegemea milele.

Jahazi halijafika hali ya mtepe, namshukuru Mungu. Matondoni bado tezo zinalia. Lakini nimeliona likipungua kwa macho yangu. Nilipoanza ukarani wa forodha bado boriti zilikuwa zikipakiwa kwenda Ghuba. 1982 serikali ikapiga marufuku kuziuza nje. Zikaja injini, zikaja boti za faiba, barabara ikachukua shehena iliyobaki. Majahazi makubwa ya dhiraa 36 vijana wa leo hawajui hata yalivyopakiwa.

Sasa suala la Muscat. Sebule yako ina kiyoyozi mchana na usiku, na nje ni jua la Omani. Mbao hunywa unyevu na kuutema. Ukizipeleka toka hewa ya Mombasa hadi chumba kikavu namna ile, zitapungua na kiraka cha babu yako kitakuwa cha kwanza kufunguka. Kwa hiyo jahazi hili libaki pwani kwa sasa, sehemu yenye kivuli na hewa, mbali na jikoni. Ni lako baada yangu, nimeshamwambia mama yako, na nitakuandikia namna ya kulitunza.

Na zile pesa, ukiniruhusu, nataka nizipeleke Matondoni. Kuna fundi kijana kule aliyefunzwa na baba yake. Nimemwonyesha vipimo, akavielewa hapo hapo bila kuuliza. Atakuundia jahazi jipya, wanda kwa dhiraa, mbao za mbambakofi na mataruma ya mlilana. Hilo ulipake vanishi mara tatu ukitaka, ling'ae mpaka wageni wajione humo, nami nitafurahi nawe. Mwambie tu asisahau kiraka.

Limebaki jambo moja ambalo wewe pekee unaweza kulifanya. Niliposafisha tezi, chini ya moshi zilitokea herufi za Kiarabu kwa rangi nyeupe. Ni jina la jahazi. Nimesoma *fa* mwanzoni na *ha* mwishoni. Katikati rangi imebanduka na mimi sitaki kujaza kwa kubahatisha. Nimekaa forodhani maisha yangu yote nikiandika majina ya vyombo, na hili silijui. Mama yako ananizidi umri, alikuwa msichana mkubwa jahazi hili lilipoundwa, na alikuwa akimpelekea baba chakula pwani. Simu haisikii vizuri siku hizi, kwa hiyo usimpigie ukiwa kazini. Nenda ukae naye baada ya alasiri, mwonyeshe picha ya tezi niliyoiambatisha, umuulize kuhusu jahazi lililopanda mwamba. Akikumbuka jina, mwachie aliandike mwenyewe kwa mkono wake, kwa herufi zile zile, kisha unitumie. Muulize pia macho yalikuwa mekundu au meusi, maana nimekuta rangi zote mbili, moja juu ya nyingine.

Mjomba wako,
Mombasa